Ruzuku ya mradi Nyanda za Juu Kusini: kuisimamia kuanzia saini hadi boksi la nyaraka

Tuanze na neno lenyewe. Ukisimama kwenye mkutano wa kijiji Wanging'ombe au Mbozi ukasema "tumepata ruzuku", nusu ya waliokaa pale watajua mbolea imefika. Tangu msimu wa 2022/23, Serikali ilipoanza kutoa mbolea ya ruzuku kwa wakulima waliosajiliwa, neno hilo limehamia kwenye mifuko. Kijijini sema "fedha za mradi", na utaje mapema nani atapata nini. Ruzuku inayozungumzwa hapa ni ile ambayo shirika linapewa na mfadhili wa nje kwa mkataba: kazi maalumu, muda maalumu, na kila shilingi inadaiwa karatasi yake.

Wizi upo, lakini hoja nyingi za ukaguzi huzaliwa na kalenda. Fedha ilichelewa, mvua haikusubiri, watu wakanunua haraka, karatasi zikafuata nyuma. Ukiipanga kalenda vizuri mwanzoni, nusu ya hoja hutazisikia.

Wiki ya saini

Keti na mkataba pamoja na viambatisho vyake vyote, uandike ukurasa mmoja wa masharti. Ukurasa huo ukae ukutani kwa mhasibu na kwa meneja wa mradi, maana mkataba wenyewe hakuna atakayeufungua tena mpaka mkaguzi aje. Andika humo tarehe ya kuanza na ya kumaliza, sarafu ya ripoti, kiwango cha juu cha kununua bila zabuni, kodi zipi mfadhili hazilipi, tarehe za ripoti, na nyaraka zitunzwe miaka mingapi.

Andika pia kwa wino mzito kama mfadhili anatanguliza fedha au anarejesha baada ya wewe kutumia. Tarehe 20 Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na baadaye mikataba mingi ikafutwa kabisa. Shirika linalolipwa kwa kurejeshewa likipigwa na jambo la namna hiyo linabaki na madeni ya pango, mafuta na mishahara ambayo limeshayabeba. Kama mkataba wako ni wa kurejeshewa, peleka madai kila mwezi, usingoje robo mwaka. Deni la siku 30 shirika dogo linaweza kulibeba, la siku 120 linalifunga ofisi.

Kuhama kati ya kasma, yaani vifungu vya bajeti, kuna kanuni zake. Mikataba ya kawaida ya Umoja wa Ulaya inaruhusu kuhamisha hadi asilimia 25 ya kiasi cha awali cha kila kichwa cha bajeti bila kubadilisha mkataba, na asilimia hiyo huangaliwa pande zote mbili, kichwa kinachotoa na kinachopokea. Wafadhili wengi wengine huweka 10. Kosa la kawaida ni kupima upande unaotoa tu: unachukua Sh milioni 6 kutoka kwenye vifaa vya Sh milioni 100, inaonekana ndogo, kumbe unazipeleka kwenye kichwa cha usafiri chenye Sh milioni 15, ambako ni asilimia 40.

Gharama za uendeshaji zisizo za moja kwa moja nazo zina mtego. Kwa Umoja wa Ulaya kikomo ni asilimia 7 ya gharama halali za moja kwa moja. Gharama za moja kwa moja zikiwa euro 200,000, unapata 14,000 na jumla inakuwa 214,000. Wapo wanaopiga asilimia 7 ya ile jumla na kupata 14,980, kisha wanashangaa ripoti inaporudi. Na mkaguzi akikata gharama ya moja kwa moja, sehemu ya 7 inakatwa pamoja nayo.

Kama ninyi ni NGO iliyosajiliwa Tanzania, mkataba wa ufadhili unaozidi Sh milioni 20 unatakiwa kuwasilishwa Hazina na kwa Msajili wa NGOs ndani ya siku 10 tangu usainiwe. Siku 10 ni chache kama mwenyekiti wa bodi yuko Dar es Salaam na katibu yuko Tukuyu. Andaa barua ya kuwasilisha kabla ya saini, ibaki kujazwa tarehe tu. Kisha pita kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa mkoa na kwa Mkurugenzi wa Halmashauri kujitambulisha, kabla gari lenye nembo halijaonekana kijijini.

Kalenda tatu

Mfadhili anaweza kuwa na mwaka wa Januari hadi Desemba, au Oktoba hadi Septemba kama Wamarekani. Halmashauri inakwenda Julai hadi Juni. Mvua ya huku inaanza Novemba hadi mwanzoni mwa Desemba na kukoma Aprili au Mei, msimu mmoja tu kwa mwaka. Kati ya hizo tatu, ya mvua ndiyo isiyoombwa kuongezewa muda.

Piga hesabu kinyumenyume. Mbegu na mbolea zinatakiwa ziwe kijijini kabla ya katikati ya Novemba. Tangazo la zabuni lipe siku 14, tathmini na muhtasari wa kamati siku 7, mkataba siku 7, mzabuni kuleta mzigo siku 21. Hizo ni siku 49. Ongeza wiki moja ya kugawa mpaka vitongojini, unaangukia katikati ya Septemba. Bajeti inayoonyesha pembejeo robo ya Oktoba hadi Desemba kwa mfadhili ambaye awamu yake ya kwanza inatua mwishoni mwa Oktoba ni bajeti ya mwaka ujao, hata kama imeandikwa mwaka huu. Ni afadhali kumwambia mfadhili mapema kwamba msimu wa kwanza utakuwa wa mafunzo na mashamba ya mfano kuliko kupeleka mbolea Januari, mahindi yakiwa yameshafika magotini.

Shughuli za barabarani zifanye Juni hadi Oktoba. Februari hadi Aprili njia za ndani za Makete, Ludewa na Ileje hula mafuta mara mbili na springi za gari, na kasma ya matengenezo iliyogawanywa sawa kwa miezi 12 itakauka kabla ya Pasaka. Usipange pia ukaguzi wa pamoja na maofisa wa halmashauri mwezi Juni. Wanafunga mwaka wao na hawatatoka ofisini.

Jambo moja la pembejeo ambalo wengi hulisahau: mkulima aliyekwisha kupata mbolea ya ruzuku ya Serikali akipewa tena na mradi, mkaguzi ataita malipo mara mbili kwa hitaji moja. Kwenye orodha ya wanufaika weka safu ya "amesajiliwa kwenye ruzuku ya mbolea: ndiyo/hapana", na amua kabla ya kugawa mradi unampa nini yule wa "ndiyo".

Dola ikishuka, nani anabeba?

Mwaka 2024 dola moja ilivuka Sh 2,700, kisha mwezi Desemba ikawa chini ya 2,500. Chukua mradi wa dola 240,000 uliopangiwa bajeti kwa 2,700: ni Sh 648,000,000. Fedha ikibadilishwa kwa 2,450 zinaingia Sh 588,000,000. Milioni 60 zimeyeyuka na hakuna aliyeiba. Kwa hiyo pangia bajeti kiwango cha chini kidogo kuliko cha benki siku hiyo, uandike kwenye maelezo ya bajeti ni kipi na cha tarehe gani, na kila robo mwaka mwonyeshe mfadhili tofauti iliyojitokeza. Mfadhili akiliona pengo mapema mtapunguza shughuli pamoja. Akiliona mwishoni, ni lako.

Kwenye ripoti, gharama hubadilishwa kwa kiwango kilichotajwa na mkataba, si kile cha siku unayoandika ripoti. Umoja wa Ulaya una kiwango chake cha kila mwezi kiitwacho InforEuro, na mkataba husema kitumike wapi. Wafadhili wengi wengine hukubali kiwango halisi cha benki kwa kila awamu. Awamu ya kwanza ya dola 80,000 ikibadilishwa kwa 2,650 ni Sh 212,000,000, basi matumizi ya mwanzo mpaka kiasi hicho yanageuzwa kwa 2,650. Ya pili ikija kwa 2,450, yanayofuata yote yanachukua 2,450. Tunza karatasi ya benki ya kila ubadilishaji, na mradi uwe na akaunti yake peke yake, vinginevyo hesabu hii haifuatiliki.

Malipo ya ndani yote yaandikwe kwa shilingi. Kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, na hilo linagusa pango la ofisi na mikataba ya washauri.

Mishahara na kodi, mahali bajeti inapotoboka

Mfanyakazi wa Sh 1,200,000 kwa mwezi hagharimu Sh 1,200,000. Mchango wa mwajiri NSSF wa asilimia 10 ni Sh 120,000, WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) asilimia 0.5 ni Sh 6,000, na kama mna wafanyakazi 10 au zaidi, SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) ya asilimia 3.5 ni Sh 42,000. Jumla Sh 1,368,000. Kwa miezi 24, ile 168,000 iliyosahaulika inakuwa Sh 4,032,000 kwa mtu mmoja. Viwango hivi huweza kubadilika, cha SDL kwa Sheria ya Fedha ya kila Julai, kwa hiyo vihakikishe kabla ya kufunga bajeti.

Mtu anayefanya kazi kwenye miradi miwili alipwe kwa saa zilizoandikwa kwenye fomu ya muda wa kazi, iliyosainiwa kila mwezi na msimamizi wake. Fomu inayoonyesha asilimia 60 na 40 kila mwezi bila kupepesa, hata mwezi aliokuwa likizo, inamwambia mkaguzi kwamba imenakiliwa kutoka kwenye bajeti.

Kodi ya zuio kwa mtoa huduma mkazi ni asilimia 5, na hukokotolewa kabla ya VAT. Ankara ya Sh 2,360,000 ina VAT ya 360,000, hivyo zuio ni asilimia 5 ya 2,000,000, yaani Sh 100,000. Unamlipa 2,260,000, unapeleka 100,000 TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, na unampa hati yake ya zuio. Kosa linalojirudia: mtoa huduma anagoma kukatwa, shirika linamlipa yote kisha linatoa 100,000 nyingine mfukoni mwa mradi. Hiyo ya pili mfadhili haitambui. Sharti la kukatwa liandikwe kwenye oda, si lisemwe siku ya malipo.

Malipo ya kijijini

Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 uliukuta mkoa wa Iringa, wenye chakula tele, na udumavu wa asilimia 56.9 kwa watoto chini ya miaka mitano, wa juu kuliko mkoa wowote. Ndiyo maana fedha nyingi za lishe zinakuja huku. Kazi ya lishe hutumia malipo madogo madogo mbali na mji: nauli, mkaa, mboga, maharage, posho ya mpishi. Hakuna mahali pagumu zaidi kwa karatasi.

Chukua mafunzo ya siku moja ya mapishi, washiriki 40. Pakiti yake iwe na:

- ombi la shughuli lenye namba ya kasma, lililoidhinishwa kabla ya tarehe ya shughuli
- nakala ya barua kwa Mtendaji wa Kijiji
- mahudhurio yenye tarehe juu ya kila ukurasa: jina, kitongoji, simu, saini
- orodha ya nauli, tofauti na mahudhurio
- risiti, na ankara pale zilipo
- ripoti ya ukurasa mmoja na picha tatu au nne
- hesabu ya marejesho ya masurufu (fedha aliyotangulizwa mtumishi kwa safari au shughuli), pamoja na karatasi ya benki ya baki

Mkaguzi hasomi karatasi moja moja, anazigonganisha. Mahudhurio yanasema 40, chakula kimelipiwa sahani 55. Huenda ni halali, wapo wawezeshaji, dereva na viongozi wa kijiji, ila waandikwe. Jina moja linaonekana Makete na Njombe siku ileile. Kitabu cha safari za gari kinasema gari lilikuwa Mafinga. Saini kumi mfululizo zina mkono mmoja, kwa sababu mtu aliwasainia wasiojua kuandika. Kwa hao tumia dole gumba na wino, ni dakika tano tu. Pikipiki ya 125cc inakwenda kilomita 35 hivi kwa lita, kwa hiyo lita 20 kwa safari za kilomita 150 zitaulizwa, hata ukitaja milima ya Kipengere.

Mzabuni wa mjini atoe risiti ya EFD yenye jina na TIN ya shirika. Karatasi yake hufifia, baada ya mwaka inabaki nyeupe, kwa hiyo itoe nakala wiki hiyohiyo na uiambatishe na ya asili. Mama anayeuza mboga sokoni hana mashine na halazimiki kuwa nayo. Tumia hati ya malipo madogo yenye jina lake, simu, kitu alichouza, kiasi na bei, saini yake, na muhuri wa kijiji. Weka kikomo, kwa mfano Sh 50,000 kwa hati, na kiandikwe kwenye mwongozo wenu wa fedha. Bila kikomo, hata mabati yataanza kununuliwa kwa hati ya mboga.

Nauli kwa simu ni salama kuliko bahasha, ila laini nyingi za kijijini zimesajiliwa kwa jina la mume au la mtoto. Kwenye orodha weka safu ya "jina linalotokea kwenye simu", ijazwe siku ya mafunzo, na mshiriki asaini kwamba fedha ipite kwa huyo. Watu 60 kwa Sh 15,000 ni Sh 900,000, na wakala mmoja wa kijijini mara nyingi hana salio la kuwapa taslimu siku moja. Mjulishe siku mbili kabla. Tozo za kutuma ziwe na kasma yake.

Masurufu yarejeshwe ndani ya siku 7 baada ya safari, na asiyerejesha asipewe mengine. Kanuni hii huvunjwa kwanza na wakurugenzi, na ikivunjwa juu chini haishikiki.

Manunuzi na wabia

Ankara kifani (proforma) tatu zinatakiwa zitoke kwa watu watatu. Mkaguzi hupiga simu. Akikuta namba mbili zinapokelewa na mtu mmoja, au makosa yaleyale ya herufi kwenye ankara zote tatu, anakata gharama nzima. Kugawa manunuzi ya Sh milioni 12 kuwa mafungu matatu ya milioni 4 ili kukwepa zabuni huonekana kwenye leja kwa kuangalia tarehe tu.

Kwa mbegu, omba lebo ya TOSCI (taasisi ya Serikali inayothibitisha ubora wa mbegu) kwenye kila mfuko, na kamati ya kijiji ihesabu na kusaini siku ya kupokea, mzigo ukiwa bado juu ya gari. Hesabu inayofanyika baada ya mifuko kuingia ghalani imeshachelewa.

Mbia mdogo, mathalani kikundi cha wakulima wa parachichi Rungwe, akivuruga fedha, deni kwa mfadhili ni lako wewe uliyesaini. Kabla ya kumpa chochote angalia vitu vitatu: akaunti yenye watia saini wawili au zaidi wasio wa nyumba moja, mtu anayejua kuandika daftari la fedha, na hesabu za mwaka uliopita. Mpe kiasi cha miezi mitatu, awamu ya pili itoke baada ya asilimia 80 ya awamu ya kwanza kurejeshwa kwa nyaraka. Mtembelee mwezi wa pili, usingoje wa kumi.

Ripoti na kufunga

Kila mwezi, kabla ya tarehe 10, linganisha daftari la benki na taarifa ya benki, kisha toa jedwali la safu nne: kasma, bajeti, matumizi, ahadi ambazo hazijalipwa. Safu ya nne wengi huiacha, ndipo kasma inaonekana ina Sh milioni 8 wakati oda ya milioni 7 iko njiani. Mradi uliopita nusu ya muda ukiwa umetumia asilimia 30 unahitaji barua kwa mfadhili sasa hivi. Maombi ya kuongezewa muda bila fedha yanayofika mwezi wa mwisho hukataliwa mara nyingi kuliko kukubaliwa.

Siku 90 kabla ya mwisho funga manunuzi ya vifaa. Mbolea iliyonunuliwa wiki mbili kabla ya kufunga na kugawiwa mradi ukishakwisha ni gharama isiyokubalika, maana haikutumika ndani ya muda. Toa notisi za ajira kwa mujibu wa mikataba, lipa kodi zote, funga masurufu yote, kagua daftari la mali kitu kwa kitu kwa kutazama namba iliyobandikwa. Omba kibali cha mfadhili kwa maandishi kuhusu pikipiki na kompyuta kabla ya kuzikabidhi halmashauri au kwa mbia, na makabidhiano yasainiwe pande mbili, namba ya chesisi ikiwemo.

Nyaraka za Umoja wa Ulaya hutunzwa miaka 5 tangu malipo ya mwisho, au 3 kwa ruzuku isiyozidi euro 60,000. Za Wamarekani ni miaka 3 tangu ripoti ya mwisho ya fedha. TRA nao wanataka 5, kwa hiyo panga mitano kwa zote. Maboksi yasikae sakafuni: unyevu wa Mufindi na Makete hupandisha ukungu msimu mmoja tu wa mvua. Yaweke juu ya mbao, mbali na ukuta, na ubavuni mwa kila boksi andika jina la mradi, miezi iliyomo, na mwaka yanaporuhusiwa kuchomwa.